Krismasi ya kwanza bila mama, usijifungie peke yako
Pole sana ndugu yangu, Krismasi ya kwanza bila mama ni nzito na hiyo hamu ya kujifungia ndani naielewa, mwaka niliofiwa na baba nami ilinishika hivyo hivyo. Tafuta hata watu wawili wanaojua kusikiliza, sio wale wa "jikaze", waambie mapema kwamba tarehe 25 unaiogopa na useme kabisa unachotaka, wakupigie au waje mkae tu. Kanisani nenda, kaa nyuma, ukilia lia, Yesu mwenyewe alilia kwenye msiba wa Lazaro (Yohana 11:35) kwa hiyo machozi sio kukosa imani. Maombi yakigoma soma Zaburi 34:18 basi. Pombe iache kwanza. Ila ukianza kuwaza kujiua usingoje sikukuu ziishe, mwambie mtu hapo hapo akupeleke hospitali, mchungaji atakuombea ukiwa huko huko.