Maswali ya presha: maziwa, miguu iliyovimba na kapsuli chini ya ulimi

Nimeambiwa amlodipini, dawa yangu ya presha, inazuia kalsiamu. Niache maziwa na dagaa?

Usiache. Dawa haiigusi kalsiamu ya chakula. Inaziba milango midogo kwenye seli za misuli ya ateri. Kalsiamu ikipenya hapo, misuli hujikaza, mshipa hubana na presha hupanda. Mlango ukizibwa, misuli hulegea na mshipa hutanuka. Maziwa kunywa. Cha kuogopa kwenye dagaa ni chumvi waliyokaushiwa, kwa hiyo waloweke na umwage maji.

Baada ya miezi miwili ya amlodipini miligramu 5 presha yangu ni 124/78. Sasa niache?

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na bado watu wanaacha dawa kisha wanaletwa na kiharusi. Hiyo 124/78 ni kazi ya kidonge. Hujapona, umedhibitiwa.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba amlodipini hutoka mwilini taratibu: nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka. Ukiacha leo, kesho kipimo bado kizuri, keshokutwa pia, nawe unaamini huihitaji tena. Ndani ya wiki mbili hivi imekwisha, mishipa imebana upya, na kichwa wala hakiumi. Presha haina desturi ya kubisha hodi.

Ucheleweshaji huohuo unawaponza wanaoanza. Unameza Jumatatu, unapima Jumatano, unasema haifanyi kazi. Huchukua siku 7 au 8 kufikia kiwango chake kwenye damu, na daktari husubiri wiki kadhaa kabla ya kukupandisha hadi 10. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Usimeze viwili kesho yake.

Natumia amlodipini 10. Miguu imevimba, duka la dawa wamenipa Lasix, lakini haipungui.

Na haitapungua, dada yangu. Amlodipini hutanua ateri ndogo zinazoleta damu, lakini vena zinazoirudisha hazitanuki kwa kiasi hicho. Shinikizo hurundikana katikati, kwenye mishipa myembamba kabisa, maji yanavuja na kutuama kwenye vifundo. Tatizo si maji kuzidi mwilini, kwa hiyo dawa ya kukojoza inakukosesha potasiamu na kukuachia miguu ileile.

Rudi kliniki. Kwa kawaida dozi hupunguzwa hadi 5, ikaongezwa dawa ya jamii ya enalaprili au losatani, ambayo hufungua pia upande wa kutokea. (Kama una mimba au unaitafuta, sema kabla hujaandikiwa, hizo mbili zinamdhuru mtoto tumboni.) Usikubali tena dawa ya pili ya kutibu madhara ya ya kwanza bila aliyekuandikia kujua. Ila mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ukilala chali, nenda hospitali leo.

Baba amepimwa 190/110, hana dalili yoyote. Jirani anasema tupasue kapsuli ya nifedipini, dawa nyingine ya presha, tumwekee chini ya ulimi.

Msifanye hivyo! Presha huporomoka ghafla bila yeyote kuweza kuizuia, na ubongo na moyo vilivyozoea msukumo mkubwa vinakosa damu. Wako waliopata kiharusi na shambulio la moyo kwa njia hii; madaktari wameionya tangu miaka ya 1990.

Mkalisheni dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, mkanda unaomtosha, kisha mpimeni tena mara mbili. Ikibaki hivyo, apelekwe kliniki leo au kesho ashushwe polepole kwa vidonge. Akiumwa kifua, ulimi ukiwa mzito, upande ukilegea, akikosa pumzi au akichanganyikiwa, ni hospitali papo hapo. Na ile nifedipini ya kutoa dawa polepole isisagwe wala kutafunwa, kwani dozi yote itamwagika kwa mkupuo.

Verapamili na atenololi pamoja ni sawa?

Mwone daktari leo: zote ni dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, na pamoja zinaweza kuyashusha kupita kiasi.

Nimeanza dawa za kifua kikuu, na presha iliyotulia imepanda.

Ni rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB, inalichochea ini livunje amlodipini haraka. Usiache dawa za TB. Waambie kliniki zote mbili, na ukimaliza TB wakumbushe tena, maana dozi iliyopandishwa itakuwa kubwa mno.

Kwa nini nimepewa dawa mbili? Presha yangu ni mbaya sana?

Si lazima. Dozi ndogo za dawa mbili mara nyingi hushusha zaidi ya dozi kubwa ya moja, kwa madhara machache. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi (dawa ya kukojoza), au pamoja na perindoprili (ya jamii ya enalaprili), ilishusha presha zaidi kuliko hizo mbili bila amlodipini. Meza zote mbili, saa ileile kila siku.