Maswali yenu kuhusu kuchua misuli: mpango kwanza, mafuta baadaye

Safari hii tumechagua barua za wachuaji misuli wenyewe. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nimchue mteja huyu vipi, mara ngapi, na nitajuaje kama kazi inakwenda?

SWALI: Habari za kazi. Nachua misuli hapa Morogoro. Nina mteja, fundi cherehani wa miaka 43, analalamika bega la kulia, na kichwa kinamuuma upande huohuo. Nimemchua mara sita, kila mara bega zima kwa dakika 40. Akitoka hapa yuko vizuri, siku ya tatu anapiga simu kwamba maumivu yamerudi. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yetu. Nafuu ya siku mbili inaonyesha mikono yako inafika panapotakiwa. Shida ni kwamba kila ziara unaianza upya, halafu mteja huyo anarudi kwenye kiti kilekile na mkao uleule kutwa nzima. Ziara ya saba ifanye kana kwamba hujawahi kumwona. Tenga dakika 20 za mazungumzo na vipimo kabla hujagusa chupa ya mafuta.

Chora umbo la mtu, mbele na nyuma, kwenye karatasi. Mpe kalamu apake mwenyewe panapouma, usimpakie wewe. Watu husema "bega" wakimaanisha mahali tofauti kabisa: mmoja ana maana ya ukosi, mwingine juu ya bega, mwingine pembeni mwa bapa la bega kule mgongoni. Muulize yalianza lini, yanazidi saa ngapi, kinachoyatuliza, analalia upande gani, anatumia dawa gani, kama aliwahi kuanguka au kugongwa. Muulize pia kama mkono unakufa ganzi au unakosa nguvu. Jibu likiwa ndiyo, hasa ganzi ikishuka hadi vidoleni, aonane kwanza na daktari.

Kisha mkubaliane lengo kwa maneno yake. "Nipone" halipimiki. "Nishone saa mbili bila kusimama kwa maumivu" linapimika, na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kujua limefikiwa.

Vipimo vitatu vinatosha. Aketi wima, ageuze kichwa kulia na kushoto, uangalie kidevu kinafika wapi. Alaze sikio kuelekea bega la kushoto bila kulipandisha bega, nawe upime kwa vidole vyako nafasi iliyobaki. Kisha upande wa pili. Mwisho ayape maumivu namba kati ya 0 na 10. Akilaza kushoto pakabaki vidole sita na kulia vinne, basi kuna kitu upande wa kulia kinachomvuta. Andika namba hizo hapohapo. Ukizitegemea kichwani, wiki ijayo zitakuwa zimebadilika kukufurahisha.

Sasa papasa. Msuli mpana wa juu ya bega, trapezia, unashikika kati ya gumba na vidole kama donge la unga wa chapati. Viringisha nyuzi zake polepole mpaka ukutane na uzi mmoja uliokaza kuliko wenzake, na ndani yake kinundu kama punje ya choroko. Kibane taratibu, umuulize: "Unasikia wapi?" Kinundu cha hapo mara nyingi hupeleka maumivu pembeni mwa shingo, nyuma ya sikio, hadi kwenye panja. Akisema "ndicho hiki kichwa changu", umepata pa kufanyia kazi. Madaktari wa Marekani Janet Travell na David Simons walichapisha mwaka 1983 ramani za namna vinundu vinavyopeleka maumivu mbali na vilipo, na ramani hizo zinatumika mpaka leo. Wataalamu bado wanabishana kinundu ni nini hasa ndani ya nyama, lakini mchuaji ambaye hajazisoma hufukuza maumivu badala ya kutafuta yanakotoka. Usiuache pia msuli unaotoka pembeni mwa shingo kushuka hadi pembe ya juu ya bapa la bega. Huo ndio humfanya mtu ageuke mwili mzima anapoitwa kwa nyuma.

Mpango wenyewe: ziara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili. Ziara ya dakika 60 igawe hivi: 10 za vipimo, 10 za kuilegeza misuli kwa kiganja, 20 za vinundu visivyozidi vinne, 10 za kunyoosha, 10 za kupima tena na kumfundisha la kufanya nyumbani. Kila kinundu bonyeza mpaka aseme 5 au 6 kati ya 10, ukae hapo sekunde 30 hadi 60. Maumivu yakishuka kwa nusu, achia, urudie mara mbili. Yasiposhuka, punguza nguvu. Wengi huongeza hapo, na ndipo msuli unapojifunga zaidi.

Nyumbani: taulo la moto dakika 15 jioni, na kulaza shingo upande wa kushoto sekunde 30 mara tatu, asubuhi na jioni.

Halafu nenda kamwangalie kazini, au aombe mtu ampige picha kwa simu akiwa anashona. Tazama wakati anatunga uzi kwenye sindano: kidevu kinatangulia mbele, bega la kulia linapanda kufuata sikio, pumzi inakatika. Afanye hivyo mara nyingi kwa siku na dakika zako 40 zote zimefutwa. Kuanzia miaka ya arobaini macho ya karibu huanza kupungua, kwa hiyo huenda anachohitaji zaidi ya mikono yako ni miwani. Kiti kiinuliwe mpaka viwiko vilingane na meza, taa iwe karibu na sindano, na kila nusu saa asimame dakika mbili.

Ziara ya nne linganisha namba. Zikiwa zimesogea, ongeza nafasi: mara moja kwa wiki, kisha kila baada ya wiki mbili. Zikiwa palepale, usimwambie arudi tena kwa mpango uleule. Ama umekosea msuli, ama si tatizo la msuli, na hilo la pili ni la mtaalamu wa fiziotherapia au daktari.

SWALI: Wateja wangu hapa Temeke wanataka nguvu. Nikibonyeza taratibu wananiambia sijafanya kazi. Nifanyeje nisiwapoteze?

JIBU: Wape namba kabla ya kuanza. Mwambie: "Nitakubonyeza mpaka 6. Ukifika 7 niambie, maana hapo msuli unaacha kulegea na unaanza kujihami." Mtu akielewa sababu hakupimi tena kwa maumivu.

Usingoje mdomo wake tu, kwa sababu wanaume wengi wataona aibu kusema. Tazama vidole vya miguu: vikikunjwa, umezidisha. Sikiliza pumzi: ikizuiwa, umezidisha. Uchovu wa msuli wa siku moja au mbili ni wa kawaida. Vilia la damu, au maumivu yanayopita siku ya pili, maana yake dozi ilikuwa kubwa, na ziara inayofuata upunguze muda au nguvu, usiende na vyote kama mwanzo.

Na mafuta yanayowasha yasipakwe kabla ya kuchua. Yanamchanganya mteja asijue anachosikia ni mkono wako au ni dawa, na namba zake hazina maana tena.

SWALI: Mimi hufanya masaji kwa wanariadha hapa Iten. Mkimbiaji wangu ana kigimbi kigumu mguu wa kushoto na marathoni iko siku 10 mbele. Nianze lini na niache lini?

JIBU: Kwanza hakikisha ni ugumu wa msuli. Linganisha miguu miwili kwa macho na kwa utepe wa kupimia. Kigimbi kimoja kikiwa kimevimba, kina joto, kinauma hata akipumzika, hasa kama ametoka safari ndefu ya ndege au basi, au amefanyiwa upasuaji karibuni, usikiguse. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kuchua kunaweza kuling'oa bonge likasafiri hadi mapafuni. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kama aliusikia msuli ukikatika ghafla akiwa mbioni, na sasa pana uvimbe au weusi, hiyo nayo si kazi ya kidole gumba.

Kama ni ugumu wa kawaida, pima hivi: asimame mbele ya ukuta bila viatu, akunje goti liguse ukuta huku kisigino kikibaki chini, asogeze mguu nyuma kidogo kidogo mpaka goti linapogusa kwa shida. Pima sentimita kutoka kidole gumba cha mguu hadi ukutani. Mguu wa kulia ukitoa 11 na wa kushoto 7, hizo nne ndizo kazi yako.

Kigimbi ni misuli miwili mikubwa. Ule wa juu unavuka goti, hivyo unyooshe goti likiwa limenyooka. Wa chini yake, soleo, haulivuki, na hunyooka vizuri goti likiwa limekunjwa. Wanaochua wa juu tu hushangaa sentimita hazibadiliki, kumbe kinachomzuia mkimbiaji wa mbio ndefu mara nyingi ni soleo. Mlaze kifudifudi, kunja goti lake, fanya kazi ukianzia juu kidogo ya kano ya kisigino ukipanda. Nyuma ya goti penyewe usibonyeze, mishipa ya damu na ya fahamu iko karibu sana na ngozi.

Ratiba: kazi ya kina siku ya 10 na ya 7 kabla ya mbio, ya mwisho siku ya 4. Baada ya hapo ni mkono mwepesi wa dakika 15, na usijaribu mbinu mpya wiki ya mashindano. Akimaliza mbio, aache saa kadhaa, anywe, ale, ndipo umguse kwa upole.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Unguja, mchuaji wa kiume. Daktari ameniletea mama mwenye maumivu ya nyonga yanayoshuka mguuni, na najua msuli wenyewe uko ndani ya tako. Nampangia vipi bila kumvunjia heshima?

JIBU: Waalaykum salaam. Mweleze akiwa ameketi na nguo zake zote, kabla hajalala kitandani. Mwonyeshe kwenye picha msuli ulipo, umwambie utatumia nini, kwa dakika ngapi, na kwamba akisema "basi" unaacha bila kuuliza sababu. Aje na dada au binti yake kama anapenda. Kama kuna mchuaji wa kike karibu, mtaje wewe mwenyewe, asilazimike kuomba.

Msuli huo hauhitaji ngozi. Mlaze ubavu, mto kati ya magoti, khanga mbili juu yake, ubonyeze kwa kiwiko kilicholegea juu ya nguo. Ruhusa aliyokupa ziara ya kwanza haiendelei yenyewe, kwa hiyo muulize kila mara. Akisema maumivu yanashuka kama umeme chini ya goti wakati unabonyeza, umegusa mshipa wa fahamu. Ondoka hapo.

Akikuambia amepata ganzi sehemu zinazokaa kwenye tandiko la baiskeli, au mkojo unamtoka bila kujua au unakataa kutoka, ni hospitali leo leo, si kesho.

SWALI: Kuna wagonjwa wa kutochua kabisa? Nina mteja wa kisukari na mwingine mjamzito.

JIBU: Wengi wanachulika kwa kubadilisha mpango. Mwenye kisukari mguse nyayo kwa pamba akiwa amefumba macho. Asipoisikia, hawezi kukupa namba sahihi ya maumivu, kwa hiyo mkono mwepesi, na taulo la moto miguuni hapana, ataungua bila kujua. Mjamzito alale ubavu wa kushoto, tumbo likiwa na mto, na kliniki yake iwe inajua. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarini, asibonyezwe kwa kina. Presha ya 180/110 au zaidi ipelekwe hospitali kabla ya lolote. Mwenye selimundu akiwa kwenye maumivu makali, usichue na usiweke barafu, kwani baridi yenyewe huchochea maumivu hayo.

Mgongo unaouma usiku kucha, mtu anakonda, anatoka jasho usiku au ana homa za jioni, huo usiuchue. Kifua kikuu hushika pia uti wa mgongo, na kila wiki unayomchua ni wiki ya matibabu aliyopoteza.

SWALI: Naruhusiwa kuuza ziara 10 kwa pamoja ili mteja apate punguzo? Na niandike nini kwenye daftari? (Mwanza)

JIBU: Uza nne. Kumi zinakufunga uendelee hata namba zikikataa kusogea, na mteja naye anarudi kwa sababu ameshalipa. Baada ya nne mnakaa, mnatazama vipimo, mnaamua.

Daftari linahitaji mistari minne kwa kila ziara: alichosema, ulichopima, ulichofanya, kinachofuata. Kwa mfano: "Maumivu 6, alilala vibaya. Sikio hadi bega la kushoto vidole 6. Trapezia kulia vinundu 2, sekunde 45 mara 3. Baada ya hapo vidole 5, maumivu 4. Ijumaa: angalia pembe ya bapa la bega, muulize kuhusu miwani." Mwachie alisome akitaka. Usiku, lifungie kabatini.