Alizeti za kwenye ndoo: anza na mbegu

Mkuu, umeeleza kwamba alizeti zako za kwenye ndoo hapo barazani zimekupita kimo, upepo ukazilaza, na mbegu ulinunua duka la nafaka. Tatizo ni hiyo mbegu. Ni alizeti ya mafuta, kama zinazolimwa Singida na Dodoma, na kimo chake ni cha shambani. Ukiinyima maji ili isirefuke itakonda tu.

Tafuta alizeti fupi za maua. Mimi napenda Teddy Bear, ua limejaa petali hadi katikati, kimo kama sentimita 60 hivi. Sunspot nayo ni fupi vilevile, ila kichwa chake ni kikubwa na mbegu zake zinalika. Kwa chombo kidogo chukua Big Smile, inaishia kwenye sentimita 40.

Usipitie kitaluni. Alizeti hushusha mzizi mkuu mapema sana, ukiujeruhi wakati wa kuhamisha, mche unadumaa. Fukia mbegu mbili palepale kwenye ndoo, kina cha sentimita 2 au 3, baadaye ubakize mche wenye shina nene. Ule mwingine ukate kwa mkasi, usiung'oe, mizizi yao imeshikana. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha Sunspot moja.

Mche ukichomoza utaukuta bado umevaa ganda la mbegu kama kofia. Usilivute kwa kucha, utachana majani mawili ya kwanza. Lilowanishe jioni, litaachia lenyewe. Siku hizo ndizo za kuwinda konokono usiku kwa tochi, maana wanaweza kuukata mche mzima.

Samadi iliyooza vizuri inatosha. Yurea achana nayo kabisa: majani yatanawiri, shina litakuwa laini, na ua litachelewa.

Halafu kuna jambo la upande, ambalo wengi hawaliangalii. Tumba changa hufuata jua kutwa, lakini ua likishakomaa hutulia likitazama mashariki. Kama mnakaa magharibi ya ndoo, litawapa kisogo kila siku. Likishatulia, izungushe ndoo tu, halitageuka tena.

Na kwa kuwa Sunspot kwa kawaida hutoa ua moja, panda ndoo nyingine kila baada ya wiki mbili ili baraza isikae bila maua.