"Tumecheza tu": maswali yenu kuhusu mshauri wa watoto na familia

Tangu mimi na baba yake tutengane, binti yangu wa miaka 6 anakwenda kwa mshauri kila wiki. Nikimuuliza wamefanya nini, anasema, "Tumecheza." Ina maana nalipia michezo?

Ndiyo mama, na pesa yako haipotei. Mtoto wa umri huo hana maneno ya kusema "naogopa baba hatarudi", lakini anaweza kumfukia mwanasesere mchangani, amfukue, amfukie tena. Mtoto mmoja alifanya hivyo mbele yangu vikao vitatu mfululizo. Sikumuuliza huyo ni nani. Nilisema tu, "Kumbe huyu anapotea, halafu anapatikana." Akanitazama, akasema, "Leo hapatikani." Kazi yetu ilianzia hapo.

Virginia Axline, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kuhusu tiba ya kucheza mwaka 1947, na msingi wake bado ndio ninaoutumia: mtoto aongoze, mtu mzima afuate. Ndiyo maana mwingine wa miaka 6 hatagusa mwanasesere hata umbembeleze. Huyo tutarushiana mpira, na maneno yatamtoka mpira ukiwa hewani. Binti yako akitoka kikaoni usimhoji. Mpe maji, mwende zenu. La kusema atalisema mwenyewe, mara nyingi usiku, wewe umeshachoka kabisa.

Kijana wangu ana miaka 15. Mshauri hataki kuniambia wanachozungumza. Si mimi ndiye mzazi?

Wewe ndiye, na unapaswa kujua kama yuko salama. Mpaka huwekwa siku ya kwanza, nyote mkiwa mmekaa: kijana akisema anataka kujidhuru, kumdhuru mtu, au kwamba anafanyiwa ukatili, hiyo haibaki siri. Mengine ni yake. Kama hamkuelezwa hivyo, kaulize. Hapo mshauri ndiye aliyekosea.

Vijana hunipima kwa siri ndogo kwanza, kwa mfano mtihani aliofeli akauficha, waone kama habari itawahi kufika nyumbani kabla yao. Ikifika, ile kubwa sitaisikia kamwe. Jambo jingine: wazazi hunikabidhi kijana kama redio mbovu, nimtengeneze. Mimi humuuliza yeye anataka tuanze na nini. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na hili linamhusu kuliko yote. Mzazi huja na alama za shule, kijana anakuja na usingizi uliomkimbia. Tunaanza na usingizi.

Wanangu wawili wamefiwa na bibi yao. Wa miaka 12, asiyekula vizuri tangu msiba, amepangiwa vikao. Wa miaka 5, anayelia kidogo kisha akarudi kucheza, mshauri kasema tumwache kwanza. Si upendeleo huo?

Hapana. Watoto wadogo huomboleza kwa kuingia na kutoka. Huyo mdogo hajasahau, anapumzika. Mwangalieni tu. Ila mwambieni kwamba bibi "amekufa", msiseme "amelala". Nimeshakaa na mtoto aliyegoma kufumba macho usiku kwa sababu ya neno hilo moja.

Vikao vinatakiwa vingapi?

Sijui mpaka nimwone mtoto, na anayekutajia idadi kwenye simu mtilie shaka. Muulize badala yake ni lini mtakaa kupima kama kuna mabadiliko. Mimi hufanya hivyo baada ya kila vikao vinne au vitano.

Mume wangu anasema mwenye shida ni mtoto, yeye haji ng'o. Nifanyeje?

Njoo wewe. Mtu mmoja nyumbani akibadilisha namna anavyojibu, wengine nao hulazimika kujipanga upya. Usimburute mumeo, wanaume wengi hudhani wanaitwa kusomewa mashtaka. Akikubali, mshauri ampigie simu. Mimi nikipiga sianzi na matatizo. Nasema, "Baba, mtoto huyu unamjua kuliko mimi. Huwa anacheka kwa kitu gani?" Mmoja alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akasema atanipigia. Alipiga siku ya tatu, akiwa na jibu.