Muulize Maalim wa Muziki: Mwingereza wa gitaa la umeme

*Assalamu alaikum, Maalim. Mjomba wangu aliyewahi kuishi London ananambia kuna Mwingereza Muislamu anayepiga gitaa la umeme mpaka leo, na si Yusuf Islam. Nikadhani ananitania. Ni nani huyo, na nimsikilize kuanzia wapi?*
Msomaji, Wete, Pemba

Waalaikumu salaam. Mjomba wako kasema kweli. Huyo ni Richard Thompson, mzaliwa wa London mwaka 1949, ambaye baba yake alikuwa askari mpelelezi mwenye asili ya Scotland. Watu humchanganya na Yusuf Islam, yule mwimbaji aliyejulikana zamani kama Cat Stevens, kwa sababu wote wawili ni watoto wa London, wamepishana mwaka mmoja tu kuzaliwa, na wote walisilimu miaka ya sabini. Lakini Yusuf aliachana na muziki wa jukwaani kwa karibu miaka thelathini. Thompson alipokuwa na jamaa zake wa kisufi aliliweka kando gitaa la umeme kwa muda mfupi tu, kisha akarudi nalo.

Anza na albamu ya Liege & Lief ya 1969. Bendi yake, Fairport Convention, aliianzisha na wenzake mwaka 1967, yeye akiwa na miaka kumi na minane. Mei 1969 gari lao lilipata ajali wakirudi kutoka kupiga muziki Birmingham. Akafa mpiga ngoma wao, Martin Lamble, na akafa mpenzi wa Thompson. Waliobaki hawakutaka tena kupiga zile nyimbo za kabla ya ajali. Wakaziendea nyimbo za kale za Waingereza, visa vya mashujaa na watu waliorogwa, wakazipiga kwa ngoma na umeme. Lisikilize gitaa: kuna sauti moja ya chini isiyonyamaza, na juu yake nyingine inapinda na kutetema. Ndivyo zinavyolia bagpipe, zile filimbi za mfuko, za Scotland, ila mimi kila nikimsikia nasikia zumari.

Halafu tafuta Pour Down Like Silver ya 1975, aliyoifanya na mkewe wa wakati huo, Linda. Kwenye jalada kavaa kilemba. Humo mna wimbo mrefu, Night Comes In. Si kasida, lakini aliyewahi kukaa katika duara la dhikri ataijua ile shauku iliyomo, na gitaa linavyozidi kupanda taratibu bila haraka. Mimi huusikiliza usiku, peke yangu.

*Shikamoo Maalim. Napiga gitaa hotelini Nungwi. Mgeni mmoja aliniomba ule wimbo wa Thompson wa pikipiki. Nikausikiliza nikaona pana wapigaji wawili. Kumbe ni mmoja! Anafanyaje?*
Kijana wa Jang'ombe

Marahaba, mwanangu. Wimbo huo ni 1952 Vincent Black Lightning, umo katika albamu ya Rumor and Sigh ya 1991. Ndiyo, ni mtu mmoja na gitaa moja lisilo la umeme.

Risha kaibana baina ya kidole gumba na cha shahada, na hiyo inashughulika na nyuzi nene. Kidole cha kati na cha pete vinadonoa nyuzi nyembamba. Uzi wa sita, ambao kwa kawaida ni E, umelegezwa mpaka C, wa tano umetoka A ukashuka G, iliyobaki haikuguswa. Kapo, kile kibano cha kuzibana nyuzi zote, anaibana freti ya tatu ya shingo ya gitaa. Wewe piga nyuzi nene peke yake kwanza, mpaka uweze kuzungumza na mtu huku risha inakwenda. Ndipo uongeze vidole.

Na kisa chenyewe ukijue. James, mwizi, anampenda Red Molly mwenye nywele nyekundu. Anapigwa risasi, na akiwa anakata roho anampa ufunguo wa pikipiki yake. Gitaa linakwenda mbio lakini Thompson anasimulia kwa utulivu, kila neno linasikika. Wapigaji wetu wengi wa hotelini vidole wanavyo, maneno wanayameza. Nakuomba usiyameze.

*Maalim, kama ni hodari hivyo, mbona hana jina kubwa?*
Msomaji wa kike, Makunduchi

Hakupata kibao cha kutikisa dunia, basi. Albamu yake ya kwanza ya peke yake, ya 1972, haikuuzika. Shoot Out the Lights ya 1982 wakosoaji waliisifu mno, lakini ilitoka wakati ndoa yake na Linda ikivunjika, na walizunguka Marekani wakiimba jukwaa moja hali wameshaachana. Nishani ya OBE ya Uingereza kapewa 2011, na mwaka 2024, na miaka yake sabini na mitano, katoa Ship to Shore.

Kwangu mimi ukubwa wake uko hapa. Karne ilipokuwa inakwisha, jarida moja la Marekani liliwaomba wanamuziki orodha ya nyimbo bora za miaka elfu. Yeye akaichukulia miaka elfu kuwa miaka elfu kweli, akaanzia enzi za kati. Orodha yake haikuchapishwa. Akaigeuza kuwa onyesho la jukwaani na albamu, kuanzia nyimbo za kale za Kiingereza mpaka Britney Spears.

Natamani sana kijana wa hapa afanye hivyo kwa nyimbo zetu: aanze na za mashambani za bibi zetu, apite kwa Siti binti Saad na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa, aje mpaka zenji fleva, usiku mmoja, udi mmoja. Kama yupo unayemjua huko Makunduchi, niandikie tena.