Visu vya kurusha: achana na vile vidogo vyeusi, mi vilishanila hela

Mkuu uliyeuliza kama uchukue ile seti ya visu 12 vidogo vyeusi uliyoiona mtandaoni, usichukue. Mi nilinunua vya hivyo hivyo Kariakoo, kwenye kibanda cha matochi na visu vya kukunja, vinang'aa balaa, vina michoro ya joka, urefu kama sentimita 16 na vyepesi kama kijiko cha chai. Wiki ya pili viwili vikakatika ncha, vingine vinagonga gogo la kulenga vinarudi, kimoja kikanipita kando ya dole gumba nikiwa na ndala. Toka siku hiyo navaa viatu na sisogei karibu ya mita 2 na nusu.

Shida ya kisu kidogo chepesi ni kwamba kinazunguka haraka mno, mkono ukitetereka kidogo tu kinafika ubavu. Kirefu na kizito kinazunguka taratibu, hata ukikosea kidogo bado kinachoma. Tafuta sentimita 28 mpaka 33, uzito kuanzia gramu 250. Wamarekani wana kipimo chao cha haraka, wakia moja kwa kila inchi, kwahiyo cha inchi 12 kinakuja kama gramu 340, ila kwa anayeanza hiyo bega litalia. Na kwenye mashindano ya EuroThrowers huko Ulaya kisu kisichofika sentimita 23 hakiingii kabisa, kwahiyo vile vya joka ni mapambo tu.

Kingine watu hawaniamini, kisu cha kurusha hakinolewi. Ncha tu ndo iwe kali, kingo zote butu, maana kuna mitupo unashika upande wa bapa, na visu vikishajaa kwenye gogo vinagongana vyenyewe. Cha jikoni sahau, chuma chake kigumu kinakatika, na mpini wa mbao au plastiki hauchukui raundi mbili. Chukua kipande kimoja cha chuma mwanzo mwisho, mpini ukiutaka uwe na kamba ya kuzungushia basi.

Sasa hapa kwenye chuma ndo nilijifunza kwa maumivu. Baada ya vile vya Kariakoo nikaenda kwa fundi Gerezani, nikampa springi ya gari chakavu, akakata, akachoma mpaka ikawa nyekundu, akazamisha kwenye oili chafu akanipa hivyo hivyo bila kuirudisha kwenye moto mdogo ipoe ugumu. Kisu cha kwanza kilipogonga ukingo wa gogo kikapasuka katikati kama kigae!! Safari ya pili nikanunua flati bari ya kawaida (kile chuma cha bapa), upana sentimita 3, unene milimita 4, akakata vipande vya sentimita 30, akachonga ncha kwa grenda, hakuna kuchoma wala nini. Vikapima kama gramu 250 kwenye mzani wa duka la Mangi. Vinapinda, kweli, ila nyundo mbili tatu vinanyooka, na kilichopinda kinanyooshwa, kilichovunjika unatupa. Wenye hela wanaagiza vya Cold Steel, kampuni ya visu ya Marekani, vya chuma cha kaboni aina ya 1055, vizuri sana, ila kodi na usafiri utajua mwenyewe.

Vitatu vinatosha, ila viwe sawasawa kabisa kwa urefu na uzito, la sivyo mkono hauzoei kitu.

Gogo nalo, mi natumia la mwembe, limekatwa kama lile la bucha, unarusha kwenye uso wa duara sio kwenye gome, na nalimwagia maji jioni lisikauke. Mgomba usijisumbue, kisu kinaingia halafu kinadondoka chenyewe. Nimeliweka kwa bro Kigamboni maana kwetu Manzese uani kuna watoto, kuku na kamba za nguo.

Ukishika mpini kama nyundo anzia mita 3 na kidogo toka kwenye gogo. Kisu kikifika mpini ukiwa juu sogea mbele nusu hatua, ukiwa chini rudi nyuma. Na uwe na tupa ya kusugulia chuma mfukoni, visu vikigongana vinaota vinundu vinavyochana vidole.

Fundi alinichaji elfu 24 vyote vitatu, chuma juu yangu. Ukienda mwambie kabisa ni vya kurusha, mi mara ya kwanza nilinyamaza akaniuliza bucha nafungua mtaa gani.