Skana ikitoboatoboa picha, angalia taa kabla ya kununua kifaa

Mkuu, umesema skana yako ya kinywani inakata picha kila ukikaa chumba cha dirishani, na muuzaji anakushauri ununue kichwa kipya. Usitoe hela bado. Geuzia pembeni taa ya kiti cha mgonjwa, shusha pazia, halafu rudia jino lilelile.

Mimi lilinikuta hapa Dar. Mama mmoja kutoka Mbagala, gego la chini kulia limeshachongwa tayari kwa kraun, yaani kofia ya jino. Saa kumi jioni, dirisha linatazama magharibi, na taa ya kiti nimeiacha inamulika kinywani, mazoea ya enzi za kuchukua umbo la meno kwa trei yenye ute unaoganda. Kwenye skrini jino linatokea, linatoboka, linatokea tena. Nikapitisha skana mara nne, tano, mpaka matundu yakazibika, nikatuma. Kesho yake fundi wa maabara akapiga simu: "Daktari, upande wa ulimi siuoni mpaka wa sehemu iliyochongwa." Nikaikuza picha. Ukingo ulikuwa umelegea kama karatasi iliyoloa, hakuna mstari wa kukalisha kraun. Yale matundu programu ilikuwa imeyaziba kwa kukisia. Mama akaomba ruhusa kazini mara ya pili, akalipa nauli mara ya pili, kwa kosa langu. Iliniuma sana.

Alipokaa tena, kabla sijaanza nilimwambia msaidizi aisogeze taa pembeni. Mpaka ulitoka mkali kwa mpito wa kwanza, hata uzi wa kusukuma fizi ukaonekana.

Skana haipigi picha kama simu. Inatupa mwanga wake juu ya jino, kamera inasoma unavyorudi, programu inakokotoa umbo. Mwanga mkali wa nje unaufifisha huo wa skana. Mate au jino lililozibwa kwa chuma vikimeta, kamera inaambulia doa jeupe tu. Na kwa kuwa vipande vinaunganishwa kimoja baada ya kingine, kosa dogo linabebwa mbele: kwenye jino moja huenda usilione, ukiskani taya zima ndipo linapojitokeza.

Viwango vya Ulaya vya taa za kazini vinataka chumba cha meno kiwe na mwanga wa lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga), eneo la mgonjwa 1,000, ndani ya kinywa 10,000. Hiyo 10,000 imewekwa kwa ajili ya jicho la daktari, si kwa ajili ya skana. Taa ya miwani yako ya kukuzia nayo izime, wengi tunaisahau.

Ila usikimbilie kuzima kila kitu. Watafiti walipolinganisha skana tatu za kinywani, CEREC Omnicam ilifanya vizuri zaidi gizani, TRIOS 3 kwenye taa ya kawaida ya chumba, na iTero Element ikafanya vizuri kwenye taa ya chumba na hata ya kiti. Kwa hiyo ushauri wa mwenye mashine tofauti na yako unaweza kukupoteza. Soma kitabu cha mashine yako, kisha skani jino lilelile mara tatu: giza, taa ya chumba, taa ya kiti. Kausha mate vilevile kila mara, vinginevyo hutajua kilichobadilika ni nini. Rangi ya jino ya kufananishia kraun ichague mwanzoni kabisa, kabla jino halijakauka, maana likikauka linapauka.

Ukimaliza weka hapa picha zote tatu na jina la modeli, tuutazame huo ukingo pamoja.